Kuanza Kiarabu chuo kikuu: mwongozo kwa anayeanzia alifu

Kila mwaka mpya wa masomo maswali huwa yale yale. Nitaweza kama sijawahi kukaa madrasa? Nianze na fus-ha au na Kiarabu kinachosemwa mitaani? Nitaongea lini? Kwa nini nahifadhi maneno leo na kesho yameyeyuka? Nimeyajibu sana kwa mdomo, sasa nayaweka hapa kwa mpangilio ambao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuufuata.

Majibu ya haraka kwanza. Utaweza. Anza na fus-ha, yaani Kiarabu sanifu cha vitabu na taarifa za habari, kwa sababu ndicho kitakachotahiniwa na ndicho kinachosomwa katika nchi zote za Kiarabu. Kuhusu muda: taasisi ya Marekani inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa nchi hiyo hukadiria takriban saa 2,200 za darasani ili msemaji wa Kiingereza akimudu Kiarabu kikazi. Wewe una vipindi vitano vya saa moja kwa wiki. Kwa wiki 28 za masomo hizo ni saa 140. Kiswahili kitakupunguzia safari, tutaona hapa chini, lakini pengo lililobaki hulizibi kwa mihadhara. Unalizibia mezani kwako, kila siku.

Jambo moja ndilo msingi wa mwongozo huu wote. Wanaokwama muhula wa pili mara nyingi si wazito wa kuelewa. Walijifunza maneno nusu nusu: bila irabu zake, bila wingi wake, bila kihusishi chake. Neno la Kiarabu lililojifunzwa nusu halitumiki, na mwishowe unalazimika kulijifunza upya.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari mbili zenye mistari mipana: moja ya mwandiko, nyingine ya msamiati.
- Kibodi ya Kiarabu kwenye simu na kwenye kompyuta. Iweke wiki ya kwanza, usingoje kazi ya kuchapa.
- Programu ya kadi za kujikumbusha, kama Anki, inayokurudishia neno pale unapokaribia kulisahau.
- Kamusi iliyopangwa kwa mizizi. Ya Hans Wehr ndiyo inayotumika sana vyuoni, nayo inapatikana kwa maelezo ya Kiingereza na ya Kijerumani. Mwanzoni faharasa ya kitabu chako cha kozi inatosha, ila kamusi ya mizizi ujue kuifungua kabla muhula wa kwanza haujaisha.
- Dakika 45 hadi saa moja kila siku. Saa sita za Jumamosi pekee hazifui dafu hapa.
- Majibu kutoka idarani kwako: kozi inafundisha fus-ha peke yake au na lahaja? Lahaja ipi? Kuna muhula wa nje ya nchi, na unaombwa lini?

Angalizo dogo: katika mwongozo huu nimeandika maneno mengi ya Kiarabu kwa herufi za Kilatini kwa sababu bado hujaanza. Irabu ndefu nimeziandika mara mbili, na herufi ya ‘ayn nimeiwekea alama ya ‘. Ukifika hatua ya pili, njia hii uiache kabisa.

Hatua ya 1: Herufi na sauti kwa wiki mbili, kwa pamoja

Herufi ni 28. Nyingi hubadilika umbo kidogo kutegemea kama ziko mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno. Sita haziungani na herufi inayofuata: alifu, dali, dhali, ra, zai na wau. Andika kila herufi ndani ya neno, si peke yake mstari mzima. Mwanafunzi aliyejaza kurasa kwa ba, ba, ba huja akashindwa kuitambua herufi hiyo hiyo ikiwa katikati ya neno.

Kwenye sauti una bahati. Th ya *thamani*, dh ya *dhahabu* na gh ya *ghali* zimo tayari kinywani mwako, ilhali wanafunzi wa lugha nyingine huhangaika nazo kwa miezi. Kazi yako iko kwenye sauti ambazo Kiswahili kilipokea maneno lakini kikaziacha: ha nzito ya kooni (ح), ‘ayn (ع), qafu (ق), na zile nne nzito ص ض ط ظ. Zifanyie mazoezi kwa jozi, maana jozi ndizo zinazoonyesha hasara ya kukosea:

- قلب (*qalb*) ni moyo. كلب (*kalb*) ni mbwa.
- عمل (*‘amal*) ni kazi, أمل (*amal*) ni tumaini.
- صيف (*swayf*) ni kiangazi. سيف (*sayf*) ni upanga.
- طين (*tiin* yenye t nzito) ni udongo; تين (*tiin* yenye t nyepesi) ni tini.

Jirekodi kwenye simu ukizisoma, kisha sikiliza siku inayofuata bila kutazama maandishi. Ukishindwa kutambua ulisoma lipi, na msikilizaji wako atashindwa.

Kuna mambo mawili ambayo sikio la Kiswahili huyapuuza. La kwanza ni urefu wa irabu: *kataba* ni aliandika, *kaataba* ni aliandikiana na mtu. La pili ni shadda, yaani kuikaza konsonanti: *darasa* ni alisoma, *darrasa* ni alifundisha. Sisi tumezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kusonga mbele, kwa hiyo tunavuta pasipovutwa na kufupisha palipo parefu. Mwombe mwalimu akusahihishe hapo mapema, kabla ulimi haujazoea vibaya.

Hatua ya 2: Achana na herufi za Kilatini

Kuanzia wiki ya tatu usiandike tena *kitaab* daftarini. Andika كِتاب, na uweke harakati, yaani alama ndogo za matamshi zinazokaa juu au chini ya herufi: fat-ha, kasra, dhamma, sukuni na shadda. Mwanafunzi anayeendelea na Kilatini kwa sababu “ni haraka” hujikuta katikati ya muhula ana msamiati anaoweza kuutamka lakini hawezi kuusoma, na kasi yake ya kusoma haipandi.

Jambo jingine lisikushtue: mwandiko wa walimu ubaoni huenda usifanane na kitabu. Vitabu huchapwa kwa naskhi, ila wengi huandika kwa ruq‘a. Humo nukta mbili huwa kistari kimoja, na nukta tatu huwa kama kikofia kidogo. Huna haja ya kuuandika mwaka wa kwanza, lakini jifunze kuusoma.

Hatua ya 3: Jifunze kuona mzizi

Maneno mengi ya Kiarabu hujengwa juu ya konsonanti tatu zinazobeba maana ya msingi, kisha kigezo cha irabu na viambishi hutoa neno lenyewe. Nadharia inaishia hapo. Kinachokusaidia ni kwamba matokeo yake unayasema kila siku. Chukua k-t-b: kitabu, katibu, maktaba. Chukua h-k-m kwa ha nzito: hukumu, hakimu, mahakama, hekima. Ukiongeza *hukuuma*, unajua kwamba inahusu utawala kabla hujafungua kamusi: ni serikali. Chukua ‘-l-m: elimu, mwalimu, maalumu.

Sasa angalia kigezo badala ya mzizi. *Maktaba, madrasa, mahkama*: zote zinaanza na ma- na zote ni mahali pa kufanyia jambo. Ukikutana na *matbakh*, na unajua t-b-kh ni kupika, huhitaji kuambiwa kwamba ni jikoni. Tenga ukurasa mmoja wa daftari kwa kila mzizi mpya na uwe unauongezea. Baada ya miezi michache kurasa hizo zitakuwa na thamani kuliko orodha yoyote iliyoko nyuma ya kitabu.

Tahadhari: undugu wa maneno una mitego, nayo huwanasa wanaojiamini zaidi.

- *Tafaddal* humwambii mtu unayemwomba kitu. Humwambia unayemkaribisha aingie, aketi au achukue. Ukiomba, sema *min fadlik*, na kwa mwanamke *min fadliki*.
- *Taajir* ni mfanyabiashara, hata akiwa hana kitu.
- *Hasra* ni majuto na huzuni. Hasira ni *ghadab*.
- *Rakhiis* ni cha bei ya chini. Kazi nyepesi ni *sahl*.
- *As-saa‘atu l-waahida* ni saa saba yetu, ya mchana au ya usiku, si saa moja. Hili limewakosesha watu miadi.

Hatua ya 4: Kila neno lichukue zima

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo muda mrefu kuliko zote.

Nomino ya Kiarabu isiyo na wingi wake haijakamilika. Wingi mwingi haupatikani kwa kuongeza kiambishi. Umbo lenyewe huvunjwa ndani: *kitaab* huwa *kutub*, *qalam* huwa *aqlaam*, *bayt* huwa *buyuut*, *madrasa* huwa *madaaris*. Vigezo vipo na utavizoea, ila kutabiri wingi wa neno jipya ni kubahatisha.

Kitenzi nacho kina sehemu nne: wakati uliopita, uliopo, masdari (jina la tendo, kama “kuandika”), na kihusishi kinachoambatana nacho. *Kataba, yaktubu, kitaaba*. *Jalasa, yajlisu, juluus*. *Fataha, yaftahu, fat-h*. Tazama irabu ya katikati katika wakati uliopo: u, i, a. Vitenzi vyote vitatu vinafanana kabisa wakati uliopita, kwa hiyo aliyehifadhi *jalasa* peke yake hana namna ya kujua aseme *yajlisu* au *yajlusu*. Na kihusishi si pambo: *raghiba fii* ni alitaka kitu, *raghiba ‘an* ni alijiepusha nacho. Herufi chache zinageuza maana juu chini.

Basi kadi yako ya kitenzi iwe hivi. Upande mmoja: “alitafuta”. Upande wa pili: بَحَثَ، يَبْحَثُ، بَحْث، عَنْ, na chini yake sentensi moja fupi uliyoiona kwenye kitabu, kwa mfano بَحَثْتُ عَنِ الكِتابِ, nilikitafuta kitabu. Maneno manane mpaka kumi kwa siku yanatosha. Anayejitwisha arobaini huyaacha yote wiki ya tatu.

Kosa la kawaida ni kutengeneza kadi zinazotoka Kiarabu kwenda Kiswahili tu. Hizo hukufundisha kutambua, wakati mtihani na mazungumzo vinakudai utoe neno kichwani. Tengeneza pande zote mbili.

Hatua ya 5: Sarufi kwa sentensi, si kwa majedwali

Utakutana na nahau, inayohusu neno ndani ya sentensi, na sarfu, inayohusu umbo la neno. Usihifadhi jedwali kabla hujaandika sentensi tano za kwako zinazolitumia. Kwa uzoefu wangu mambo haya ndiyo yanayopoteza alama nyingi zaidi mwaka wa kwanza:

Idhafa, yaani kuunganisha nomino mbili kwa umiliki. Kitabu cha mwanafunzi ni كِتابُ الطالِبِ. Neno la kwanza halichukui al-, kiambishi cha kitu kinachojulikana, hata kama kitabu kinajulikana. Karibu kila anayeanza huandika al- mara mbili.

Wingi wa visivyo watu. Vitu na wanyama wakiwa wengi, sifa yao huwa umoja wa kike: *kutub jadiida*, vitabu vipya. Hapa msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kulalamika. Lugha yake inapatanisha sifa na ngeli chungu nzima, na hii moja ni ya kuongeza tu.

Hesabu. Majina unayajua: sita, saba, tisa, ishirini, thelathini na kuendelea. Matumizi ndiyo mageni. Kuanzia tatu hadi kumi, namba huwa na jinsia iliyo kinyume cha kitu kinachohesabiwa: *kitaab* ni la kiume, kwa hiyo vitabu vitatu ni *thalaathatu kutub*, na namba inavaa ta marbuta (ة), alama ya kike mwishoni mwa neno. Na ishirini na tano husemwa tano na ishirini, *khamsa wa-‘ishruun*.

I‘rabu. Mwisho wa neno hubadilika kulingana na kazi yake: raf‘u kwa mtenda, nasbu kwa mtendwa, jarri baada ya kihusishi na katika idhafa. Ukisoma kwa sauti nyumbani, tamka miisho yote hata kama mwalimu haitamki darasani. Kwa njia hiyo i‘rabu inakaa sikioni kabla haijakaa kwenye kanuni.

Baadaye zitakuja auzani, zile aina kumi za kitenzi. Zichukulie kama kauli za vitenzi vyetu. Sisi tuna soma, somesha, someana, wao wana *‘alima*, alijua, *‘allama*, alifundisha, *ta‘allama*, alijifunza. Jifunze moja kwa wiki, kila moja na vitenzi vitatu vya kweli.

Hatua ya 6: Soma bila harakati

Magazeti, riwaya na ujumbe wa simu havina harakati. كتب ikiwa tupu inaweza kuwa *kataba* (aliandika), *kutiba* (iliandikwa) au *kutub* (vitabu). Anayeamua ni sentensi.

Kuanzia muhula wa pili chukua aya moja fupi uliyokwisha kuisoma na harakati, isome tena ikiwa haina, kisha uzijaze kwa penseli na ulinganishe. Fanya hivyo mara tatu kwa wiki. Aya mpya ngumu zije baadaye.

Hili ni muhimu hasa kwa waliosoma Qurani tangu utotoni. Mna matamshi mazuri na jicho lililozoea herufi, na hiyo ni hazina. Lakini msahafu una harakati zote, na wengi mlifundishwa kusoma bila kufasiri. Mkiwekewa gazeti mnakwama, na mnaona aibu kuuliza kwa kuwa darasa zima linadhani mnajua. Msiruke masomo ya mwanzo ya sarufi. Mmetangulia katika herufi, si katika nahau.

Hatua ya 7: Sikiliza kidogo, mara nyingi, kisha chagua lahaja moja

Chukua taarifa ya habari ya dakika mbili, ya Al Jazeera kwa mfano, uisikilize siku tano mfululizo. Siku ya kwanza utashika majina ya nchi. Siku ya tano utakuwa unasikia vitenzi. Dakika mbili zilizorudiwa hivyo zinafundisha zaidi ya saa nzima ya filamu inayopita masikioni.

Kuhusu lahaja: mwaka 1959 mwanaisimu Charles Ferguson aliandika juu ya jamii zinazotumia namna mbili za lugha moja, ya juu kwa maandishi na shughuli rasmi, ya chini kwa maisha ya kila siku, na Kiarabu kilikuwa miongoni mwa mifano yake mikuu. Nawe utaliona mara ukikutana na mtu. “Unataka nini?” kwa fus-ha ni *maadhaa turiid*. Kairo watasema *‘aayiz eeh*, Damasko *shuu biddak*, Moroko *shnu bghiti*. Chagua moja, kwa kuangalia chuo chako kinafundisha ipi au utakwenda wapi muhula wa nje, na uianze fus-ha ikishasimama, kwa kawaida mwaka wa pili. Anayechota kidogo Misri na kidogo Sham (Syria na jirani zake) huishia na mchanganyiko usio wa mtu yeyote.

Ukikwama

*Neno halionekani kwenye kamusi.* Livue viambishi. Mfano وسيكتبونها. Toa و, ambayo ni “na”. Toa س, ambayo ni “-ta-”. Toa ها ya mwisho, ambayo hapa ni “-i-” ya barua. Ondoa ي na ون za “wao”. Imebaki كتب. Neno zima ni “na wataiandika”, nasi pia tunalisema kwa pumzi moja. Ukivua na bado huoni herufi tatu, shuku wau au ya iliyojificha: *qaala*, alisema, iko chini ya q-w-l, *yajidu*, anapata, iko chini ya w-j-d.

*Naelewa nikisoma, sisemi.* Soma aya kwa sauti, funika, isimulie kwa sentensi tatu. Kila siku, hata ukiwa peke yako chumbani. Darasani jibu kwa sentensi nzima, usijibu *na‘am* na *laa*.

*Sisikii tofauti ya ha mbili, nzito (ح) na nyepesi (ه).* Acha kuzitamka kwa wiki moja, zisikilize tu. Mwenzako asome jozi, wewe uonyeshe kidole herufi aliyoisoma. Sikio likishapata, ulimi utafuata.

*Kadi zimelundikana mia tatu.* Usiongeze hata moja mpya mpaka uzimalize, na zile zinazokushinda kila mara ziandikie sentensi nyingine.

*Nimefeli jaribio la kwanza la i‘rabu.* Chukua karatasi ile ile, na kwa kila kosa andika pembeni kwa Kiswahili: nani mtenda, nani mtendwa, kihusishi kiko wapi. Mara nyingi utakuta kanuni unaijua, ila hukuielewa sentensi. Hapo rudi hatua ya nne kwenye vitenzi vya sentensi hiyo, ndipo uende kwa mwalimu ukiwa na karatasi yako mkononi, saa zake za kuonana na wanafunzi, wiki hiyo hiyo.